Jitu la Chuma la Kobe: Ni Sanamu tu, au ni Ukumbusho?

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta hapa uhakiki wa riwaya, wa tenzi au wa tamthilia. Safari hii tunawaomba uvumilivu, kwa maana kazi tunayokusudia kuihakiki haina ukurasa hata mmoja. Ni sanamu ya chuma yenye kimo cha mita 15.3 na uzito wa tani zipatazo 50, iliyosimamishwa mwaka 2009 katika bustani ya Wakamatsu, mtaani Nagata, mjini Kobe, nchini Japani. Haimwonyeshi mfalme, wala jenerali, wala mtakatifu. Inamwonyesha Tetsujin Nambari 28, roboti wa hadithi za picha zilizoandikiwa watoto. Tulipowaeleza wenzetu wa idara kwamba tunataka kuandika juu yake, mmoja alicheka, akauliza kama siku hizi chuo kikuu kimeanza kufundisha vikaragosi. Swali lake tumelichukua kwa uzito kuliko yeye alivyokusudia. Kwa nini mji uliofiwa na maelfu ya watu uchague kikaragosi, na kukisimamisha mahali palipoteketea?

Tulifika Kobe tukitokea Osaka, ambako Kiswahili kinafundishwa kwa miaka mingi sasa, kwanza katika Chuo Kikuu cha Mambo ya Kigeni cha Osaka, na tangu mwaka 2007 katika Chuo Kikuu cha Osaka ambacho kile cha kwanza kiliunganishwa nacho. Safari ya treni haifiki hata saa nzima. Aliyetuongoza ni mwanafunzi wa kike wa Kiswahili, aliyejifunza lugha yetu katika vitabu vya sarufi na ambaye upatanisho wake wa ngeli ulikuwa mkamilifu kiasi cha kutuaibisha sisi tuliozaliwa nayo. Tuliteremka katika kituo cha Shin-Nagata, tukatembea dakika chache kati ya majengo marefu ya makazi na maduka, tukakata kona. Hapo akanyoosha mkono akasema: "Mwalimu, yule pale!"

Yule. Hakusema "ile pale", kama sarufi yake ilivyomfundisha kusema juu ya sanamu. Tulisimama kidogo kulifikiria neno hilo kabla hatujaiangalia sanamu yenyewe, na tunakiri kwamba huo ni ugonjwa wa wanaisimu.

Sasa tuiangalie. Miguu imetanuliwa na kukanyagwa kwa nguvu, magoti yamekunjwa kidogo, ngumi moja imeinuliwa. Katika hadithi, Tetsujin ana kimo cha mita 18, na mafundi walitaka kumtengeneza katika ukubwa wake halisi. Lakini kwa kuwa hakusimama wima, zile mita 18 zimepungua mpaka 15.3. Rangi yake ni buluu iliyoiva. Chuma chenyewe ni cha aina ile ambayo kutu yake ya kwanza hugeuka ngozi ya kukikinga na kutu nyingine. Juu yake imepakwa rangi, nayo ilipakwa upya mwaka 2016. Hakuna uzio. Mtoto anaweza kukigusa kiatu cha jitu, na siku ile tuliwaona watoto wa shule ya chekechea, kofia zao za rangi moja, wakipita kati ya miguu yake kama watu wanaopita chini ya daraja. Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi akiwa ameipa sanamu mgongo, anasoma gazeti. Jambo hilo lilitupendeza. Sanamu ambayo watu wanaweza kuipa mgongo bila hofu si jambo la kawaida kwa sisi tuliokulia katika nchi ambayo sanamu na picha za wakubwa zilikuwa zikimwangalia mtu, si mtu kuziangalia.

Kwa upande wa usanii, tuseme wazi, hii si kazi ya kuchonga yenye ugunduzi mkubwa. Mafundi wamehamisha mchoro wa karatasi kuupeleka katika chuma, na sifa yao ni kwamba hawakuuharibu. Mwili wa mviringo kama pipa, kichwa kidogo chenye pua ndefu iliyochongoka, vitasa vya ngumi: yote yamo. Atafutaye ufundi wa juu katika sanamu za chuma asiende Nagata. Uzito wa kazi hii umo katika kile inachokisimulia, na zaidi katika kile inachokinyamazia.

Hadithi yenyewe ni ya Yokoyama Mitsuteru, aliyezaliwa Kobe mwaka 1934, akafariki mwaka 2004. Ilianza kutoka mwaka 1956 katika gazeti la wavulana, ikaendelea miaka kumi, na mwaka 1963 ikaingia katika televisheni. Wamarekani nao waliitazama kwa jina la Gigantor. Kisa chake ni hiki. Wakati wa vita, jeshi la Japani lilitaka silaha ambayo ingeyageuza matokeo, mtu wa chuma asiyeshindika. Wataalamu wakajaribu mara nyingi, na yule wa ishirini na nane ndiye aliyefanikiwa, lakini vita vikawa vimekwisha. Silaha hiyo isiyo na vita ikaangukia mikononi mwa kijana mdogo, Shotaro, mtoto wa mtaalamu aliyeshiriki kuitengeneza. Shotaro humwongoza Tetsujin kwa kisanduku kidogo chenye vishikio, telekomande kama tunavyosema nyumbani, naye humtumia kupambana na wahalifu.

Hapa pana jambo ambalo msomaji mwepesi hulipita. Tetsujin hana akili yake mwenyewe. Hapendi, hachukii, hajui mema wala mabaya. Akikishika Shotaro kile kisanduku, jitu ni mlinzi wa mji. Mwizi akikinyakua, jitu lile lile, kwa mikono ile ile, huubomoa. Sehemu kubwa ya mikasa ya Yokoyama inazunguka swali hili moja: nani ameshika kisanduku? Mwandishi hakulitoa swali hilo hewani. Alikuwa mtoto wa shule vita vilipokwisha, alikuwa amehamishiwa mkoani mbali na mabomu, na aliporudi aliukuta mji wake wa Kobe umegeuka majivu kwa kazi ya ndege za B-29. Yeye mwenyewe aliwahi kueleza kwamba nguvu ya kutisha ya ndege hizo, pamoja na habari za makombora ya Wajerumani na filamu ya Frankenstein, ndizo zilizomzalia Tetsujin. Mtoto ameuona mji wake umeteketezwa na mashine, akakua, akabuni mashine.

Miaka hamsini baadaye mji ule ule uliteketea tena. Tarehe 17 Januari 1995, saa kumi na moja na dakika arobaini na sita za alfajiri, tetemeko la ardhi liliipiga Kobe na wilaya zake. Waliokufa ni 6,434. Nagata ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoumia kupita kiasi, kwa sababu ilikuwa mitaa ya watu wa kazi, yenye nyumba nyingi za zamani za mbao zilizosongamana na viwanda vidogo vya viatu vya ngozi bandia, ambamo gundi na mpira vilikuwa kuni tosha. Zilizoanguka zilishika moto, na moto ukahama kutoka kichochoro hadi kichochoro. Ni mtaa pia wa wageni: Wakorea waliokuwapo tangu zama za ukoloni wa Japani, na Wavietnam waliofika baadaye, wengi wao wakifanya kazi katika viwanda hivyo vya viatu. Baada ya tetemeko zilizuka hapo redio ndogo za Kikorea na za Kivietnam kuwapasha habari wasiofahamu vizuri Kijapani, na mwaka 1995 zikaungana kuwa kituo kimoja cha lugha nyingi. Mwanaisimu angeweza kuandika makala nzima juu ya redio hizo, na yafaa siku moja iandikwe.

Serikali ya mji ilijenga upya mtaa kwa mpango mkubwa: majengo marefu, vichochoro vikanyooshwa, wafanyabiashara wakauziwa vyumba vya maduka ndani ya majengo mapya. Lakini wateja hawakurudi wote, na kwa miaka mingi milango mingi ya maduka hayo ilibaki imefungwa. Ndipo wenye maduka na wakazi wakapata wazo la Tetsujin, kwa kuwa Yokoyama alikuwa mtoto wa Kobe. Gharama ilikuwa yen milioni 135 hivi; mji ulitoa milioni 45, na sehemu iliyobaki ilipatikana kwa michango na wafadhili. Sanamu ikakamilika mwaka 2009. Nao hawakuishia hapo: katika mitaa ya maduka wamesimamisha pia mashujaa wa hadithi nyingine ya Yokoyama, ile ya Falme Tatu za Uchina.

Kwa hiyo yule mwenzetu aliyecheka ana haki kwa kiasi fulani. Hii ni sanamu ya biashara. Ilisimamishwa ili watu wateremke katika treni, wapige picha, wale, wanunue viatu. Hatuoni sababu ya kulificha jambo hilo, wala ya kulionea aibu. Ila tulinganishe. Katika majira ya joto ya mwaka huo huo wa 2009, bustanini Shiokaze mjini Tokyo, lilisimamishwa jitu jingine la hadithi, Gundam, lenye kimo cha mita 18, kuadhimisha miaka thelathini ya kipindi chake cha televisheni. Walilitazama watu zaidi ya milioni nne kwa muda usiofika miezi miwili, kisha likafunguliwa skrubu na kuondolewa. Lile lilikuwa tangazo, na tangazo likishasomwa hubanduliwa. Tetsujin amebaki. Amefungwa ardhini pale pale penye majivu, na watu wa mtaa ndio wanaomchangia rangi. Kama ni bidhaa, basi ni bidhaa ambayo wauzaji wake wanakaa nayo mvua na jua.

Sasa tuje katika neno letu. Katika Kiswahili, sanamu ni neno lenye mfuko mkubwa: ndani yake mna kinyago, mna picha, mna mfano wa kitu chochote. Lakini watu wa Lubumbashi wana neno jingine lililo kali zaidi, nalo ni ukumbusho. Katika miaka ya 1970, Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian walipochunguza michoro iliyokuwa ikitundikwa sebuleni mwa wafanyakazi wa Katanga, iliyoitwa Shaba wakati ule, waliliona neno hilo kuwa ndio ufunguo. Mchoro mzuri, kwa mnunuzi wa Kenya au wa Katuba, haukuwa ule uliochorwa kwa ustadi mkubwa. Ulikuwa ule unaokumbusha, yaani unaomfanya mgeni aliyeketi aseme jambo, mwenyeji ajibu, na wote wawili wawaze yaliyopita. Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia nzima ya nchi kwa mfululizo wa picha, alikuwa bwana wa ukumbusho wa namna hiyo. Na tusisahau kwamba sebuleni mle mle, kando ya picha ya askari wa zama za Mbelgiji akimchapa mfungwa, alitundikwa pia Mamba Muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki ambaye hajawahi kuandikishwa katika daftari lolote la serikali. Mfanyakazi wa mgodi hakuona mgongano wowote. Aliyebuniwa na aliyekuwapo walikaa ukuta mmoja, kwa sababu wote wawili walizungumzisha.

Kwa kipimo hicho, je, Tetsujin anazungumzisha? Tulimwuliza mwanafunzi wetu. Alifikiri, akasema kwamba babu na bibi yake hawakuwahi kumweleza sana habari za tetemeko, ila kila walipofika mahali hapa walianza: hapa palikuwa na duka la fulani, hapa palikuwa na kichochoro, moto ulitokea upande ule. "Wakimwona yeye ndipo wanakumbuka," alisema. Tukamwuliza kwa nini amesema "yeye". Akacheka, akafunika mdomo, akaomba radhi kwa kosa. Tukamwambia si kosa. Akaeleza kwamba hata kwa Kijapani yapo maneno mawili ya kusema kitu kipo, moja la vyenye uhai na jingine la visivyo uhai, na kwamba sanamu kwa kawaida hupewa lile la pili, lakini Tetsujin yeye humpa la kwanza bila kujua.

Hapa Kiswahili chatupatia chombo cha uhakiki ambacho lugha nyingi hazina. Waweza kusema sanamu imesimama, na hapo unahakiki chuma, rangi na gharama. Waweza kusema jitu limesimama, na hapo unashangaa ukubwa, shingo inauma. Au waweza kusema Tetsujin amesimama, na hapo umekwisha kumkubali katika jamii ya watu, umemwekea nafasi ya kulaumiwa na kushukuriwa. Wakazi wa Nagata wamechagua la tatu. Tunadhani walifanya hivyo kwa sababu ambayo sisi Wakongomani tunapaswa kuielewa kwa haraka kuliko wengine. Katika mtaa wa Wajapani, Wakorea na Wavietnam, ungemsimamisha nani wa kweli? Kila shujaa wa historia ni babu wa mmoja na mtesi wa mwingine. Mtu wa chuma hana kabila.

Mjini kwetu Lubumbashi, sanamu ya Moïse Tshombe imesimama katikati ya mji. Kinshasa, pale Limete, Patrice Lumumba ameinua mkono wake tangu mwaka 2002. Kila mmoja ana watu wake wanaopita wakitabasamu na watu wake wanaopita wakitema mate, na hatudhani yuko msanii awezaye kuwaweka bustani moja. Mwaka 2005, mjini Kinshasa, Leopold wa Pili juu ya farasi wake alirudishwa barabarani, na kabla siku haijaisha akaondolewa tena. Sanamu za watu waliokuwapo zina deni, na madeni hayo hudaiwa hadharani. Wepesi wa Tetsujin unatokana na kutokuwa na deni.

Lakini je, ni kweli hana deni? Hapa ndipo tunapotofautiana na wale wanaoisifu sanamu hii bila kikomo. Turudi katika hadithi. Tetsujin ni silaha ya vita vile vile vilivyowaleta Wakorea wengi Japani kufanya kazi bila hiari. Ni mtoto wa jeshi. Yokoyama hakulificha jambo hilo, ndilo chanzo cha kisa chake chote. Na dawa aliyoiweka ni kile kisanduku mikononi mwa mtoto: nguvu kubwa kabisa, na kando yake mkono mdogo unaopaswa kuiongoza, ambao kila mara unaweza kunyang'anywa. Katika bustani ya Wakamatsu, jitu lipo, Shotaro hayupo. Kisanduku hakipo. Mafundi wametupa tani 50 za nguvu, wakaacha gramu chache za swali. Ngumi imeinuliwa, lakini hatuambiwi imeinuliwa kwa amri ya nani.

Tunaliona pengo hilo kuwa kasoro ya kwanza ya kazi hii, na ni kasoro ya fasiri, si ya ufundi. Mhakiki mwingine atatujibu kwamba mtoto mwenye kisanduku yupo, naye ni kila mtoto anayesimama mbele ya jitu. Ni jibu zuri. Tulilitumia sisi wenyewe tukiwa bado bustanini, tukafurahi nalo mpaka tulipopanda treni. Kisha likatushinda. Mtoto anayepita kati ya miguu ya jitu hajapewa kitu chochote cha kuliongoza. Amepewa kivuli tu.

Kasoro ya pili ni kwamba waliokufa hawatajwi na sanamu hii hata kwa ishara. Kobe ina mahali pengine pa kuwataja: katika bustani ya Higashi Yuenchi, katikati ya mji, kipo chumba chini ya ardhi ambamo majina yao yameandikwa ukutani, na katika bustani hiyo hiyo unawaka moto usiozimwa; kila tarehe 17 Januari, saa ile ile ya alfajiri, watu hukusanyika na taa. Yaani mji umegawanya kazi. Majina yako chini ya ardhi, ngumi iko hewani. Wengine wanauita mgawanyo huo hekima, kwa kuwa hakuna mtaa uwezao kuishi kila siku ndani ya matanga. Nasi twakubali nusu yake. Yule bibi wa mwanafunzi wetu alihitaji jitu ili aweze kulitaja duka lililoungua. Mbele ya ukuta wa majina pengine angelia tu, asisimulie.

Tarehe ile ilitusumbua njiani. Tarehe 17 Januari 1961 ndiyo siku aliyouawa Lumumba pamoja na Mpolo na Okito, si mbali na mji huu tunamoandikia. Na tarehe 17 Januari 2002, mlima Nyiragongo ulipasuka, uji wa moto ukapita katikati ya mji wa Goma hadi ziwani Kivu, na mamia ya maelfu ya watu wakavuka kukimbilia Gisenyi. Ni sadfa, wala hatujengi hoja juu ya sadfa. Lakini ilitulazimisha kuuweka mji wa Goma kando ya mji wa Kobe, na mara tulipofanya hivyo tuliona kwamba Goma nayo ina sanamu yake, na kwamba nayo ilizinduliwa mwaka 2009.

Ni sanamu ya mtu na chukudu yake, ya rangi ya dhahabu, kwenye makutano ya barabara ambayo sasa yanaitwa kwa jina lake, Rond-point Tchukudu. Kwa wasomaji wasioifahamu Kivu, chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kinachosukumwa na mtu mmoja, naye hukiweka goti anapopata mteremko. Hubeba makaa, viazi, kabichi, saruji, hata mawe ya volkano ambayo kwayo mji ulijengwa upya juu ya volkano ile ile. Hakuna aliyekibuni kwenye karatasi. Kimebuniwa na seremala na njaa. Hiyo nayo ni sanamu ya utamaduni wa watu wengi, kwa maana halisi ya maneno hayo. Haina jina la mtu. Haina kabila. Kama Tetsujin, ilisimamishwa miaka kadhaa baada ya maafa, na kama Tetsujin, haiwataji waliokufa.

Lakini ina kitu ambacho Tetsujin hana. Mikono ya mtu yule iko kwenye usukani. Nguvu na mwongozo viko katika mwili mmoja, na mwili huo ni wa mchukuzi anayelipwa kwa mzigo. Atazamaye pale hana haja ya kuuliza amri imetoka wapi: chukudu huenda aendako mwenye kuisukuma, ikipinduka humwangukia yeye. Tukipewa kuchagua kwa kipimo cha ukumbusho, sanamu ya Goma, pamoja na dhahabu yake inayong'aa kupita kiasi na pamoja na kuzinduliwa kwake kwa fahari ya kiserikali ambayo Nagata haikuihitaji, imeisimulia kazi ya mikono kwa ukweli zaidi. Tunasema hivyo tukijua kwamba mwezi wa Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliuteka mji ule, na kwamba makutano yale yamepitiwa na majeshi mengi kuliko sanamu iwezavyo kuyahesabu. Anayeongoza chukudu yake hajaongoza kingine chochote katika mji huo. Swali la Yokoyama juu ya kisanduku, ambalo Kobe imelisahau bustanini mwake, Goma inaliishi barabarani.

Pengine hiyo ndiyo sababu ya sisi kuiandikia sanamu ya mbali namna hii. Hadithi za picha hazidharauliwi Kongo. Kinshasa gazeti la Jeunes pour Jeunes lilisomwa na kizazi kizima cha vijana, na mtindo wake wa lugha uliwaingia vinywani. Kinachodharauliwa ni kuzihakiki. Tunawaachia watoto viumbe vya kubuniwa, kana kwamba Mamba Muntu hakuwahi kuwasumbua watu wazima, kisha tunashangaa tunapokosa shujaa wa kumsimamisha njia panda bila ugomvi. Tetsujin angefaa kutafsiriwa kwa Kiswahili, walau sura za mwanzo, na mfasiri atakayejaribu atakutana na taabu tangu jalada: tetsu ni chuma, jin ni mtu. Mtu-chuma? Mtu wa chuma? Cha kwanza champa utu kwanza, cha pili chamfanya bidhaa ya fundi. Sisi tungechagua cha kwanza, ijapokuwa chakwaruza masikioni.

Tulipoondoka bustanini mvua ilikuwa imeanza. Mwanafunzi wetu aligeuka, akainama kidogo kama wainamavyo wenyeji wake, akasema, "Mwalimu, tumuage." Tukamuaga.

Tuliporudi Lubumbashi tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu zoezi dogo: waeleze kwa sentensi tatu sanamu yoyote wanayoifahamu. Wengi waliandika imesimama, ipo, ilijengwa. Wawili waliotoka Goma walieleza ile ya chukudu, na wote wawili, kila mmoja kwenye dawati lake, waliandika: anasukuma.